Rejeta Safi Kabla ya Kupanda Mau Summit

Kwa sisi tunaoendesha magari kati ya Nakuru na Kisumu, naona mfumo wa kupoza injini unastahili kuangaliwa kabla ya mengine mengi, kwa sababu mpando wa kutoka Salgaa hadi Mau Summit huifichua mara moja rejeta iliyoziba. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji yaliyo wazi huchemka yakifika nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kadiri barabara inavyopanda, ndivyo yanavyochemka mapema zaidi. Yanayoyazuia kuchemka ndani ya injini ni kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, na kifuniko cha rejeta, ambacho huhifadhi presha. Kifuniko ambacho mpira wake umekauka kibadilishwe bila kusita, maana ni kipuri cha bei nafuu.

Maji ya kisima ndiyo adui ninayemwogopa zaidi. Madini yaliyomo huacha utando mgumu kama ule wa ndani ya birika, ukapunguza njia za maji na kuzuia joto kutoka. Mimi hutumia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na madini, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Rangi ya kulanti isikuongoze, kwani watengenezaji hawafuati utaratibu mmoja; fuata kitabu cha gari.

Wakati wa kusafisha, injini iwe imepoa kabisa. Mwaga maji ya zamani kwenye chombo, jaza maji safi, washa injini huku hita ikiwa kwenye joto la juu, na usubiri mpaka thamostati, ile vali inayofunguka injini ikipata joto, ifunguke ndipo maji yazunguke kote. Kisha zima, acha ipoe, umwage tena, na urudie hadi yatoke safi, ndipo ujaze ule mchanganyiko wa kulanti. Fundi akipendekeza kuiondoa thamostati ili gari lisichemke, mimi hukataa, kwa kuwa injini isiyofikia joto lake hunywa mafuta zaidi, na kiini cha tatizo hubaki palepale.

Nje ya rejeta nako kuna kazi. Vumbi la barabara za murram na wale wadudu wadogo wanaotanda kama wingu kando ya Ziwa Victoria hujikusanya kati ya mapezi yake, yale mabati membamba ya kutolea joto, hasa pale inapokaribiana na kipoza hewa cha kabini. Maji ya mpira wa kawaida, yakielekezwa kutoka upande wa injini kwenda nje, hutosha. Mashine ya presha kubwa huyapinda mapezi hayo.

Kulanti iliyotumika ni sumu yenye ladha tamu, kwa hiyo isiachwe mahali ambapo mtoto au mbwa anaweza kuifikia. Asubuhi inayofuata, injini ikiwa baridi, angalia tena kiwango, kwa sababu hewa iliyokwama hutoka polepole na kiwango hushuka. Ongeza mpaka kwenye alama.