APL inasomeka, ila si kwa kila mtu

Ndugu yangu wa Moshi, umeuliza kama ni busara kuandika kwa APL, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, hesabu za kahawa za chama chenu cha msingi, ilhali wenzako wa Arusha wanaicheka kwamba haisomeki.

Sifa hiyo ina chanzo chake. Mwanahisabati Kenneth Iverson aliibuni kwanza kama mfumo wa alama za kihisabati, akaueleza katika kitabu mwaka 1962, kabla haijawa lugha ya kompyuta. Ndiyo maana kazi ambayo kwingine huchukua mistari kumi hapa hubanwa katika alama chache, na asiyezijua huona michoro tu. X ikiwa ni orodha ya uzito wa magunia, wastani wake huandikwa (+/X)÷≢X, yaani jumlisha vyote kisha gawanya kwa idadi yake. Akielezwa mara moja, hata karani wa mizani ataisoma. Kinachowatega wengi zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba APL hukokotoa kutoka kulia kwenda kushoto bila kuipa kuzidisha kipaumbele, hivyo 3×2+4 huleta 18, si 10 tuliyofundishwa shuleni.

Ningekushauri uitumie kwa uchambuzi wako mwenyewe, lakini malipo ya wakulima uyaandikie Python, lugha ya kompyuta inayojulikana na wengi zaidi, kwa sababu siku utakapohama, kumpata mrithi anayeijua APL kutakuwa kazi ngumu. Ukiing'ang'ania, basi weka maelezo ya Kiswahili juu ya kila mstari.