Wasomaji Wanauliza: Kwa Miguu Hadi Vijiji vya Washerpa

Makala yetu ya toleo lililopita kuhusu Khumbu, bonde la mashariki mwa Nepal linalopitiwa na njia ya kwenda mlima Everest, imetuletea barua nyingi, na kubwa ya furaha yangu ni kwamba zimetoka hasa kwa watu wanaoishi karibu na milima yetu wenyewe. Leo najibu nne.

Swali: Ndugu Mhariri, marehemu baba yangu alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo ya wageni kutoka Nyakalengija kupanda Rwenzori, na baadhi ya wageni hao walikuwa wakimwita "Sherpa" wao. Naomba kujua: Sherpa ni kabila au ni kazi? Na je, wenzetu hao utalii umewafaidisha kuliko ulivyotufaidisha sisi Wakonzo? (Msomaji wa Kasese)

Jibu: Mungu amrehemu mzee wetu. Washerpa ni kabila lenye lugha yake, dini yake ya Kibudha na koo zake, ambazo watu wake hawaruhusiwi kuoana ndani ya ukoo mmoja, jambo ambalo wewe huhitaji kuelezwa. Wazee wao walitoka mashariki mwa Tibet wakahamia upande wa kusini wa Himalaya yapata miaka 500 iliyopita, na kwa sehemu kubwa ya historia yao hawakuwa na haja yoyote ya kupanda vilele, kwani vilele ni makao ya miungu. Khumbila, mlima ulio juu ya kijiji cha Khumjung, hadi leo haupandwi. Walilima shayiri, na tangu karne ya 19 viazi mviringo. Walifuga yaki, yule ng'ombe wa manyoya marefu. Na wafanyabiashara wao walivuka Nangpa La, njia ya barafu iliyo zaidi ya mita 5,700, kwenda kubadilishana nafaka na chumvi ya Tibet. Biashara hiyo iliporomoka baada ya mwaka 1959, China ilipoubana mpaka, na utalii ndio uliokuja kuziba pengo.

Kazi ya milimani waliianza mapema zaidi, mwanzoni mwa karne ya 20, pale Waingereza walipokuwa wakiajiri watu katika mji wa Darjeeling, India, kwa ajili ya misafara yao. Tarehe 29 Mei 1953 Msherpa Tenzing Norgay na Edmund Hillary wa New Zealand walikuwa wa kwanza kufika juu ya Everest, na tangu hapo wageni wengi wakazoea kumwita Sherpa kila anayewabebea mzigo. Ukweli ni kwamba wengi wa wapagazi utakaowakuta njiani leo ni Warai, Watamang na Wamagar waliopanda kutoka mabonde ya chini kutafuta riziki, na kwa kawaida hao ndio walio chini kabisa katika ngazi ya malipo. Mtazame mmoja wao akipanda ngazi za mawe kuelekea mji wa Namche: kapu la mianzi liko mgongoni, uzito wake wote umening'inia kwenye ukanda uliopita juu ya utosi, ukanda ambao mama zetu wa Kasese na Bundibugyo wanaujua vizuri, na mkononi ameshika fimbo fupi yenye kichwa kipana. Akichoka hatui mzigo. Huiweka fimbo hiyo chini ya kapu, akapumzika amesimama, kisha akaendelea.

Kuhusu faida, Washerpa wa Khumbu wamefaidika, tena sana. Nyumba nyingi za wageni katika Namche na vijiji vya juu ni mali ya familia za wenyeji. Shule ya Khumjung ilijengwa mwaka 1961 na hospitali ya Khunde mwaka 1966, zote kwa juhudi za Hillary na wenyeji waliomwomba shule kabla ya kumwomba kitu kingine chochote. Lakini gharama yake imelipwa kwa damu. Tarehe 18 Aprili 2014 barafu iliporomoka katika njia ya Everest ikaua wafanyakazi 16 wa Nepal kwa asubuhi moja, na kiasi cha kwanza ambacho serikali ilitangaza kuzipa familia kilikuwa rupia 40,000, yaani takriban dola 400 za Marekani. Waongozaji walikasirika, wakaacha kazi msimu ule, na mimi nawaunga mkono kwa moyo wote.

Kwa hiyo anayekwenda Khumbu aiulize kampuni yake maswali haya kabla ya kulipa hata senti: mpagazi atabeba kilo ngapi, maana 30 ni kikomo cha haki, amekatiwa bima, atalala wapi usiku wa baridi, ana viatu na koti la kufaa, na akiugua nani atamteremsha? Maswali hayo hayo yaulizwe Nyakalengija na Kilembe. Baba yako alistahili kuulizwa.

Swali: Ndugu Mhariri, nimewahi kufika Wagagai, kilele cha Elgon, bila kuumwa hata kichwa. Sasa kikundi chetu kinajiandaa kwenda hadi kambi ya chini ya Everest. Mimi si mgonjwa wa selimundu, ila nilipopimwa nikiwa mjamzito niliambiwa nimerithi kinasaba chake kutoka kwa mzazi mmoja. Je, niende? (Mama wa Mbale)

Jibu: Mama, umeuliza swali ambalo vitabu vya safari huwa havilijibu, kwa kuwa wengi wanaoviandika hawatoki katika nchi ambazo kinasaba hiki ni cha kawaida. Kwetu Uganda utafiti wa kitaifa uliopima damu ya watoto wachanga ulikuta kwamba takriban asilimia 13 wamekirithi kutoka kwa mzazi mmoja, na watu wazima wengi hawajui hali yao. Mtu kama wewe huishi maisha yake yote bila shida, na wengi kama wewe wamepanda milima mirefu wakarudi salama. Hata hivyo, hewa inapokuwa nyepesi, chembe nyekundu za damu zinaweza kubadilika umbo zikaziba mishipa ya bandama. Dalili yake ni maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu, pengine pamoja na kichefuchefu na homa, na mwenzako asiyejua anaweza kudhani ni gesi ya tumbo. Dawa ya kwanza ni kushuka mara moja, oksijeni na hospitali; si kulala uone asubuhi itakuwaje. Nenda kwa daktari wa damu kabla ya kulipia tiketi, mwambie utalala juu ya mita 4,900, na umfuate atakachosema. Mwongozaji wako naye ajue hali yako tangu siku ya kwanza, pamoja na mtu mmoja katika kikundi. Mwenye ugonjwa wenyewe wa selimundu, yaani aliyerithi kutoka kwa wazazi wote wawili, asiende huko.

Wagagai isikudanganye. Kilele hicho kina mita 4,321, mtu hukifikia akateremka siku ile ile, ilhali kijiji cha Dingboche peke yake kiko mita 4,410 na huko utalala usiku mbili. Kambi ya chini ya Everest iko mita 5,364, juu kuliko Margherita yetu, kilele cha Rwenzori chenye mita 5,109, na hewa yake ina takriban nusu tu ya oksijeni iliyopo pwani. Kinachoua si kimo chenyewe bali haraka. Ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne pawe na siku ya kupumzika. Ndiyo maana ratiba nzuri hulaza watu usiku mbili Namche, kwenye mita 3,440, na mbili nyingine Dingboche. Kichwa kikiuma na hamu ya chakula ikapotea, usipande zaidi hadi upone. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, akachanganyikiwa, au akakosa pumzi hata akiwa amekaa, ateremshwe usiku huo huo, hata kama mvua inanyesha. Ipo dawa, acetazolamide, inayousaidia mwili kuzoea, na daktari wako ataamua kama inakufaa; pale Pheriche ipo zahanati ya ugonjwa wa kimo ambayo imehudumia wasafiri na wapagazi tangu miaka ya 1970. Kata bima inayolipia helikopta.

Na tafadhali usishindane na mwongozaji wako. Washerpa wameurithi mwili unaoitumia oksijeni kwa uangalifu mkubwa, matokeo ya vizazi vingi vya kuishi juu. Mgeni hawezi kuupata kwa mazoezi ya miezi michache. Kama kikundi chenu kinataka kujipima kweli, kipande kwanza Rwenzori kwa njia ya kambi za Nyabitaba, John Matte, Bujuku na Elena, ambako mtalala kwenye mita 4,541 na kila mmoja ataujua mwili wake akiwa bado ndani ya nchi yake. Kwako wewe, hata safari hiyo ianze kwa daktari.

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni Mwislamu wa Arua na nimealikwa na wenzangu kwenda Nepal. Nitakula nini huko, na ni adabu gani ninazopaswa kuzishika katika nyumba na mahekalu ya watu? (Msomaji wa Arua)

Jibu: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Chakula hakitakusumbua. Kutoka Lukla, penye uwanja wa ndege ambako wengi huanzia kutembea, kwenda juu, chakula cha kila siku ni wali na mchuzi wa dengu, mboga na achari, na desturi ni kuongezewa hadi ushibe. Wabudha wa Khumbu huepuka kuchinja, kwa hiyo nyama hupandishwa migongoni kutoka chini kwa siku kadhaa bila friji. Hata asiyejali halali namshauri aiache. Kuna pia viazi vya kuchemsha, vinavyomenywa mezani kwa vidole na kuchovywa kwenye pilipili ya kusaga, na chapati nene ya viazi vilivyokunwa, inayokaangwa juu ya bamba na kuliwa na siagi. Utapewa chai ya chumvi na siagi. Inywe kidogo kidogo, maana kikombe kikipungua tu kinajazwa. Mgeni hukataa mara ya kwanza, mwenyeji husisitiza, na ndivyo heshima inavyoonyeshwa pande zote mbili. Pombe yao ya nafaka, chang, nayo italetwa. Kataa kwa upole, mkono wa kulia kifuani, nawe utaeleweka. Katika mashariki ya Nepal wana hata pombe ya ulezi inayomiminiwa maji ya moto na kunywewa kwa mrija, ambayo jirani zako wa Teso wangeidhani ni malwa.

Nyumba ya zamani ya Kisherpa ni ya mawe, ya ghorofa moja juu: chini ni pa mifugo, majani makavu na viazi, juu ni chumba kimoja kirefu chenye madirisha upande mmoja, rafu za vyombo vya shaba upande wa pili, na moto. Moto huo una heshima yake. Usitupe takataka humo, hata karatasi ya peremende, wala usiunyooshee nyayo, kama vile usivyomnyooshea mtu nyayo wala madhabahu. Njiani utakuta kuta za mawe yaliyochongwa sala. Zipite kwa namna ambayo zitabaki mkono wako wa kulia. Hekaluni vua viatu, na usipige picha kabla ya kuomba ruhusa. Hekalu la Tengboche, lililo mita 3,867, lilianzishwa mwaka 1916, likabomolewa na tetemeko la mwaka 1934, likaungua mwaka 1989, na kila mara watu wakalijenga upya. Ukiwa ndani ukumbuke hilo. Huhitaji kushiriki ibada. Kukaa kimya nyuma kunatosha.

Jambo moja litakufanya ujisikie nyumbani. Watoto wengi hupewa jina la siku waliyozaliwa: Dawa ni wa Jumatatu, Lhakpa wa Jumatano, Pasang wa Ijumaa. Wewe unayetoka kwa akina Juma na Khamisi utazijua siku zao kabla hujajua lugha yao.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa Kampala. Sina fedha nyingi wala hamu ya kufika kambi ya Everest. Je, inafaa kwenda Khumbu kuona vijiji tu, na viza inapatikanaje? (Msomaji wa Makerere)

Jibu: Inafaa kabisa, na ningependa wengi zaidi wafanye hivyo. Panda hadi Namche, ukae siku ya Jumamosi uone soko, kisha uzunguke Khunde, Khumjung na Thame, vijiji ambavyo vyote viko chini ya mita 4,000. Thame ilipigwa na mafuriko tarehe 16 Agosti 2024, ziwa la barafu lilipopasuka juu yake na kubomoa nyumba na shule, kwa hiyo mgeni anayelala na kula huko anawasaidia watu moja kwa moja. Mwezi Mei watawa wa Thame hufanya sikukuu ya Mani Rimdu, yenye ngoma za vinyago. Tengboche huifanya yake kati ya Oktoba na Novemba. Miezi hiyo, pamoja na Machi na Aprili, ndiyo yenye anga safi. Juni hadi Septemba ni mvua.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Entebbe. Wengi hupitia Doha au Dubai. Viza ya utalii ni dola 30 kwa siku 15 na dola 50 kwa siku 30, nawe uthibitishe masharti ya pasipoti ya Uganda kwa ubalozi wa Nepal kabla ya kununua tiketi. Uwanja wa Lukla una njia ya ndege ya mita 527 tu, juu ya genge, na ukungu huufunga mara kwa mara, hivyo acha siku mbili au tatu za ziada kabla ya ndege yako ya kurudi. Anayetaka kuokoa nauli ya ndege ya Lukla anaweza kwenda kwa gari hadi Salleri na kupanda kwa miguu kupitia vijiji vya Solu, eneo lililo chini ya Khumbu. Ni siku nyingi zaidi, lakini mwili huzoea kimo polepole, na utalala katika vijiji ambavyo wanaoruka hadi Lukla hawavioni kabisa.