Breki shuu za nyuma za RAV4 ya zamani: fungua dramu kwanza, hela baadaye

Mkuu, umesema RAV4 yako ya 1998 inasaga chuma kwa chuma nyuma, hendibreki inapanda juu sana, na fundi amekwambia "badili shuu tu". Huenda yuko sahihi. Ila usinunue kitu kabla dramu hazijafunguliwa (yale mabakuli ya chuma yanayozunguka na tairi, ambayo shuu huyasugua kwa ndani gari lisimame) ukajionea mwenyewe.

Yangu ni ya 1997, nayo ina dramu nyuma. Niliwahi kuweka shuu mpya, na wiki tatu baadaye nikiwa nashuka Lushoto kuelekea Mombo, kila nikikanyaga breki gari likawa linavuta kushoto. Kona za ule mlima unazijua, na nilikuwa na watoto nyuma. Nilipofungua upande wa kulia nikakuta shuu mpya zimelowa mafuta ya breki. Wili silinda, ile inayosukuma shuu ukikanyaga breki, ilikuwa inavuja tangu siku ya kwanza, hakuna aliyeinua raba yake ya kuzuia vumbi kuangalia. Shuu ikishanyonya mafuta haifai tena, hata uioshe kwa petroli. Kwa hiyo inua hizo raba pande zote mbili. Ukikuta majimaji, badili na silinda, kisha toa upepo kwenye mfumo wa breki.

Kazi yenyewe unaiweza. Zuia matairi ya mbele kwa mawe, weka gari juu ya stendi, usiamini jeki peke yake, halafu achia hendibreki. Dramu ikigoma usiipige nyundo pembeni, itapasuka. Ina tundu mbili zenye thredi: ingiza bolti za milimita 8, kaza moja kidogo, kisha nyingine, itasogea yenyewe. Vumbi lake lilowanishe kwa maji, usipulize kwa kompresa, maana shuu za zamani huweza kuwa na asbesto.

Shuu zifungue upande mmoja kwanza, mwingine ubaki kama ramani yako. Piga na picha. Dramu ikiwa nje, mtu yeyote asikanyage pedeli, pistoni za wili silinda zitachomoka.

Panapowasumbua wengi ni ile shuu iliyo upande wa nyuma ndani ya kila dramu. Ndiyo inayobeba mkono mdogo unaovutwa na kebo ya hendibreki, na shuu mpya mara nyingi huja bila huo mkono. Uhamishe kutoka kwenye shuu ya zamani, na klipu yake weka mpya, ile ya zamani ikishapanuliwa haishiki vizuri. Ajasta nazo, zile skrubu za kusogeza shuu karibu na dramu, usizichanganye, thredi ya kushoto na ya kulia zinazunguka kinyume. Zisafishe kwa brashi, paka grisi ya kustahimili joto kidogo tu, na tone dogo pale shuu zinaposugua bamba la nyuma.

Dramu ikiwa na mifereji, ipeleke ikaskimiwe, yaani ichongwe sawa kwa mashine, lakini soma kipenyo cha mwisho kilichoandikwa juu yake. Ikishapita hapo, nunua nyingine.

Kuhusu hendibreki kupanda juu, nakuomba sana usikubali mtu akaze kebo kwanza. Hapo shuu hukosa kurudi mahali pake na ajasta haifanyi kazi. Rekebisha ajasta mpaka dramu izunguke ikikwaruza kidogo sana, pande zote sawa, vuta na kuachia hendibreki mara kadhaa, ndipo ugeukie kebo kama bado ina ulegevu.

Ukifungua, tuwekee picha ya wili silinda hapa, ya pande zote mbili.