Maswali ya wasomaji: Kasha la sigara la zamani, vepu inakaa humo?

Mwezi huu nimepokea barua kadhaa zinazouliza karibu kitu kilekile, na nyingi zimetoka kwa watu wetu walioko Uingereza. Sababu naiona. Tangu tarehe 1 Juni 2025 kule wamepiga marufuku kuuza vepu (sigara za kielektroniki) za kutupa, basi waliokuwa wanavuta na kutupa wamehamia kwenye podi za kujaza, na kitu cha kukaa nacho miezi kinataka nyumba yake, huwezi kukiachia mfukoni kinagongana na funguo na uchafu unaingia pale unapoweka mdomo. Ndo watu wanakumbuka yale makasha ya sigara ya zamani.

*Shikamoo mjomba. Mimi nipo Birmingham, nilivuta sigara miaka kumi na moja nikaacha mwaka jana, saivi natumia podi. Juzi kwenye soko la mitumba nimenunua kasha la sigara la kizamani linalofunguka kama kitabu, paundi 12 tu. Ndani ni mm 90 kwa 80. Podi yangu ina urefu wa mm 95, upana 15, unene 7, kwa hiyo haiingii. Nikate ukingo kidogo? Na ndani kuna vialama vidogo, kuna simba na kama nanga, vina maana gani? (Msomaji, Birmingham)*

Marahaba mwanangu, na hongera sana kwa kuacha sigara, miaka kumi na moja si mchezo.

Usikate! Nakuomba kabisa, weka hiyo tupa chini. Hiyo nanga ni alama ya ofisi ya kupima madini ya hapohapo Birmingham, ipo tangu 1773, na huyo simba anayetembea maana yake kitu ni fedha halisi, sehemu 925 kwa 1000. Kwa hiyo umenunua fedha kwa bei ya sahani ya chakula. Pembeni ya hizo alama utaona herufi moja peke yake, hiyo ndo inataja mwaka, na herufi nyingine mbili au tatu ni za fundi aliyelitengeneza. Lingekuwa limepakwa fedha juu tu ungekuta limeandikwa EPNS, bila simba. Ukishakata ukingo hata wa milimita tano bawaba inalegea na mfuniko haufungi tena ule mlio wake wa *tik*, na hakuna fundi atakayekurudishia.

Sasa vipimo. Mi nimechukua boksi la nafaka nikakata kipande cha 95 kwa 15, nikachora mstatili wa 90 kwa 80 kwenye karatasi, nikakilaza. Wima hakiingii, kinazidi milimita tano, lakini ukikilaza mshazari kinaingia vizuri na nafasi inabaki juu na chini kwa ajili ya katriji (vile vikopo vya maji ya vepu) mbili za akiba. Pembe za makasha haya huwa ni za mviringo kwa hiyo jaribu kwanza na kipande cha boksi kabla ya podi yenyewe, usije ukailazimisha.

Kitu ambacho watu wengi wanasahau ni kina. Sigara ya kawaida ina unene wa kama mm 8, na kasha lililotengenezwa kwa safu moja halina zaidi ya hapo sana. Podi yako ni 7, ukiitandikia ngozi ya milimita moja chini na nyingine juu tayari una 9, mfuniko hautafunga na ukiukandamiza unaharibu bawaba kwa mikono yako. Tandika upande mmoja tu, ngozi nyembamba kabisa au kitambaa cha kufutia miwani, ukate kwa umbo la kasha kizidi kidogo ili kijibane chenyewe ukingoni. Gundi usitie. Ndani ya makasha mengi ya fedha kuna rangi ya dhahabu iliyopakwa makusudi ili fedha isiingie weusi kwa ajili ya tumbaku, na gundi ikishika pale inatoka na hiyo dhahabu.

Na ile lastiki iliyolegea ndani, iliyokuwa inashika sigara, itoe taratibu uweke lastiki ya kushonea ya upana uleule. Inashika podi isicheze.

*Mjomba habari. Mimi natumia mashine kubwa ya betri za kutoa, zile 18650. Nina mkebe wa tumbaku wa babu, wa bati, mzuri sana. Nataka uwe wa vifaa vyangu vyote, betri mbili za akiba, koili (vile viwaya vya kupasha moto), bisibisi, pamba. Unashauri niupange vipi? (Msomaji, Nairobi)*

Nzuri ndugu yangu. Koili, bisibisi na pamba weka upendavyo. Betri hapana. Yaani hapa sitaki tuelewane nusu nusu.

Nikuambie kwa nini. Mtoto wa dada yangu alikuwa na mkebe kama wako, akaweka betri moja ya akiba humo pamoja na koili na ile bisibisi, akautia mfuko wa suruali akapanda basi. Plastiki ya betri ilikuwa imechanika kidogo tu pale juu karibu na kichwa, kama ukucha. Alichosikia kwanza ni joto, akadhani ni jua la dirishani, dakika hiyohiyo paja linaungua, akauchomoa mkebe akautupa chini kwenye njia ya basi na moshi unatoka kwenye kifuniko. Aliungua kiganja na paja, kovu lipo mpaka leo, mimi mwenyewe ndo nilikuwa namfunga bandeji. Ule mkebe ninao, bati limegeuka rangi ya zambarau upande mmoja.

Watu wanafikiri kwenye betri chanya iko juu na hasi iko chini basi, kumbe kwenye hizi 18650 kopo lote la nje ni hasi, kuanzia kitako mpaka begani karibu kabisa na kile kichwa cha chanya, kinachozitenga ni plastiki nyembamba na kijiduara cha karatasi. Ikichanika hapo, chuma chochote kinachogusa pande zote mbili ni shoti, na wewe umeiweka ndani ya chumba cha bati, kuta zote ni waya. Umeme wote unataka kutoka kwa mpigo, betri inachemka, lithiamu ikishachemka inaendelea yenyewe, huwezi kuizima kwa kupuliza.

Nunua vile viboksi vya plastiki vya betri, bei yake ni ndogo mno, betri moja moja kwenye chumba chake. Namba yenyewe inakupa kipimo, 18 ni upana na 65 ni urefu kwa milimita, kwa hiyo ukiwa na mkebe wenye kina cha zaidi ya 20 unaweza hata kukiweka kiboksi chenyewe ndani ya mkebe wa babu ukibaki na uzuri wake. Na plastiki ya betri ikichanika, hata kidogo, ibadilishwe au betri ipumzishwe.

Wale wenye podi yenye betri ndani kwa ndani msishtuke sana, hiyo haina hatari ya namna hii. Ila kama podi yako ina kitufe, izime kwanza ndo ufunge kasha, nyingi unabonyeza mara tano haraka haraka inajizima. Mfuniko ukikandamiza kitufe humo ndani koili inawaka bila wewe kujua.

*Mjomba, naweza kubeba na chupa ya maji ya vepu humohumo? Kasha linanuka tumbaku ya zamani pia, naondoaje? (Msomaji, Dar es Salaam)*

Chupa ya ml 10 ni nene, haiingii kwenye kasha la sigara, na hata ingeingia ningekukataza. Jaza podi nyumbani, beba katriji iliyojaa ya akiba iliyofungwa kwenye kimfuko kidogo cha nailoni, maana yakilala muda mrefu kwenye joto la mwili yale maji yanakuwa mepesi yanavuja, na nikotini inapita kwenye ngozi.

Harufu: maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kitambaa laini, kausha kabisa, halafu mwaga bekingi soda ndani ulifunge siku mbili. Usisugue kwa steelwire, hata kama lina weusi.

*Shikamoo. Nasafiri kutoka London kwenda Entebbe, kasha langu la fedha lina podi na katriji. Niliweke kwenye begi kubwa? (Msomaji, London)*

Marahaba. Hapana, tangu 2015 sheria za usafiri wa anga duniani zinakataza sigara za kielektroniki kwenye mizigo inayoshuka chini ya ndege, unaibeba kwenye begi la mkononi na huruhusiwi kuichaji humo ndani. Pale kwenye mashine ya ukaguzi litoe kasha ulifungue mwenyewe, chuma hakionyeshi kilichomo wakikipiga picha. Katriji ziwe tupu, hewa ikibadilika angani zinatema maji.

Lakini dada yangu, kubwa kwako si ndege. Uganda sheria yao ya kudhibiti tumbaku ya 2015 imekataza kuingiza na kuuza hivi vitu. Acha podi London, nenda na kasha tupu ukamwonyeshe mama. Wa kwenda Oman pia, biashara yake imepigwa marufuku kule, ulizeni kabla ya kufunga begi.

*Mjomba, mume wangu ameweka vepu yake kwenye kasha zuri la kung'aa, analiacha mezani. Tuna mtoto wa miaka miwili. Mimi sina raha. (Mama, Mombasa)*

Una haki kukosa raha, mwanangu, na barua yako ndo imenifanya niandike kirefu mwezi huu. Bibi zetu wa pwani walikuwa na kijaluba cha tambuu, na mtoto gani hakukifungua? Kitu kidogo kinachong'aa na kufunga kwa mlio ni kichezeo kitupu. Kasha la sigara linafunguka kwa kidole gumba kimoja, lilitengenezwa hivyo, halina kizuizi kama vifuniko vya chupa za dawa. Maji yenye nikotini mtoto akiyameza hata kiasi kidogo ni sumu, anatapika, anazimia. Mwambie mumeo kasha likae ndani ya kabati la juu lenye kufuli akiingia tu mlangoni, kabla hata ya kuvua viatu. Na mtoto akionekana amelamba, msimtapishe wala msimpe maziwa, mkimbizeni hospitali na mchukue ile katriji ili daktari asome kilichoandikwa.

*Kasha nililonunua lina herufi za mtu zimechorwa juu, R na H. Nizifute niweke zangu? (Msomaji, Zanzibar)*

Fedha ya juu ya makasha haya ni nyembamba, fundi akisugua mpaka herufi ziishe anabakisha karatasi, na kidole kinabonyeza shimo. Geuza upande wa nyuma, mara nyingi ni mtupu, zako zichorwe hapo. Hizo R na H ziache.