Maswali yenu: singa, chokaa na moshi wa viwanda Tanga

Nina shamba dogo la mkonge Korogwe. Maji ya korona (mashine ya kuchakata majani ya mkonge) tunayotumia yanaishia mtoni, na wanakijiji wamenuna. Tukichimba mabwawa si hasara tupu?

Piga hesabu kwanza, ndugu yangu. Kilo 100 za majani hukupa kilo 3 hadi 5 tu za singa, yaani nyuzi za mkonge. Zilizobaki umezikata, umezipakia, umelipia trekta, halafu unazimwaga. Maji yale yana tindikali na mabaki ya majani. Yakianza kuoza mtoni hula oksijeni, samaki wakakosa pumzi.

Sitakudanganya: bwawa la kutuamisha maji, peke yake, halirudishi hela. Kinachorudisha ni makapi. Yakioza vizuri ni mbolea, na mkonge unaihitaji, maana hukaa miaka mingi ukinyonya udongo uleule. Pale Hale mabaki ya namna hiyo yaliingizwa kwenye mtambo wa gesi uliozalisha umeme. Mtambo kama ule ni mzigo kwa mkulima mmoja, kwa hiyo lipelekeni jambo hili kwenye AMCOS yenu, yaani chama cha ushirika cha wakulima: nyote mnaopeleka majani kwenye korona moja mchangie bwawa moja, na makapi mgawane kwa uzito wa majani ya kila mtu.

Nachoma chokaa upande wa Amboni. Bei ya kuni inaniua. Nifanyeje?

Jiwe safi la chokaa la kilo 100 likiiva hubaki kilo 56. Zile 44 zimepaa kama hewa ya ukaa, na hapo hakuna ufundi utakaozizuia, ndivyo jiwe lilivyo. Unachoweza kuokoa ni kuni. Jiwe linataka joto la nyuzi 900 hivi, na kuni mbichi hupoteza moto kwa kukausha maji yake zenyewe. Kwa hiyo zianike bandani mpaka zikauke kweli. Mawe yavunje yalingane, kwani kubwa hubaki na kiini kibichi wakati dogo limeshaungua kupita kiasi. Ukipata mtaji, jenga tanuri la kulishwa juu na kupakuliwa chini, lisilozimwa kila mkupuo. Kuta zikipoa, umetupa kuni zote ulizozipashia moto.

Mikoko inawaka vizuri, najua, ndiyo maana inawindwa. Achana nayo. Kuikata bila kibali ni kosa, na kamba unaowala Ijumaa wamekulia humo.

Mbona viwanda vya saruji havitumii umeme wa jua?

Taa na baadhi ya mota, inawezekana. Tanuri la klinka, yale mawe yaliyochomwa yanayosagwa kuwa saruji, linataka joto la nyuzi 1,450, mchana na usiku. Nafuu ya karibu zaidi ni kupunguza klinka ndani ya mfuko, kwa kuchanganya pozolana (kama majivu ya volkano) au mawe ya chokaa yaliyosagwa. Mafuta yanapungua, moshi unapungua, na mwenye kiwanda hakasiriki.

Ninyi mnaimba mazingira. Viwanda Tanga vimekufa, vijana wetu wamekimbilia Dar. Kazi kwanza!

Uchungu wako naujua, mzee wangu. Ila mkonge haukuuawa na watu wa mazingira. Katikati ya miaka ya 1960 nchi hii ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Zikaja kamba za plastiki, bei ikaporomoka, na baada ya utaifishaji wa 1967 mashamba mengi yalikosa matunzo. Tulikuwa tunauza singa peke yake; jani lililobaki tuliliita taka.

Hata hivyo kuna usafi usiolipa hata senti. Chujio la vumbi kwenye bomba la moshi ni gharama tu, na anayelifunga kwa hiari yake huzidiwa kwa bei nafuu na jirani asiyelifunga. Hapo ndipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ina kazi, ikiwabana wote sawasawa. Mwekezaji akiitisha kikao cha tathmini ya athari kwa mazingira kijijini kwenu, nenda na maswali mawili: maji machafu yataelekea wapi, na ajira ngapi ni za kudumu. Usiondoke mpaka majibu yameandikwa kwenye muhtasari.