Pleteleti 16, na mashine imekupigia kelele

Wadogo zangu wa atachi, mliokuja kujifunza kazi hapa maabara, jana nimekuta jibu limeshaprintiwa linangoja kupelekwa wodini, pleteleti (vile vichembe vya kugandisha damu) 16, yaani elfu 16 kwa mikrolita, chache za kutisha, na pembeni mashine imeweka alama kabisa kwamba zimeshikana, na mwenye kazi yuko nje anakunywa chai na mahamri. Sikumgombeza. Nilikaa kitako kwanza, maana chai hiyo nilishainywa mimi.

1. Chupa ya zambarau igeuzeni pole pole mara 8 hadi 10 damu ikiingia tu. Kugeuza nimesema, mtu asiitikise kama anapiga juisi.

2. Ya buluu ijae mpaka kwenye mstari, damu sehemu 9, dawa ya chupani sehemu 1, basi. Ya nusu chupa irudisheni hata kama mgonjwa katoka Faza na boti na analia.

3. Alama ya mashine. Hapa mnivumilie.

Mwaka wangu wa kwanza, Ijumaa, saa sita kasoro, nataka kuwahi msikitini. Ikaletwa sampuli ya mama mmoja aliyelazwa na donge la damu kwenye mshipa wa mguu, yuko kwenye zile sindano za tumboni asubuhi na jioni. Mashine ikasoma 19, ikaweka alama. Nikajiambia slaidi, ile ya kupaka tone la damu kwenye kioo nitazame kwa darubini, nitafanya nikirudi, nikasaini, na kurudi nikakuta foleni ya malaria imefika mlangoni, nikasahau kabisa. Daktari wa zamu kaona 19 kasimamisha sindano, na simlaumu hata kidogo, pleteleti 19 na dawa ya kuzuia mgando nani atakubali, mgonjwa akivuja damu kichwani utasema nini. Jumapili mguu umefura hadi pajani.

Jumatatu mkubwa wangu akaenda kumtoa damu mwenyewe, chupa mbili. Zambarau ikasoma 23. Buluu 187, zidisha 1.1 kwa ajili ya ile dawa ya chupani unapata 206. Akaniweka kwenye darubini: huko mkiani mwa slaidi ya zambarau pleteleti zimekumbatiana mafungu mafungu kama vifaranga vilivyonyeshewa. Yani mwilini pleteleti zake hazina shida yoyote, damu yake ilikuwa ikikutana tu na EDTA, dawa iliyomo kwenye chupa ya zambarau, pleteleti zinashikana, na mashine haihesabu fungu.

Mzee hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Wewe wadhani ile sindano yayeyusha donge?" Nikasema ndio. Miaka yote ile ya chuo, nikasema ndio!

Haiyeyushi. Inazuia donge lisikue, kulisafisha ni kazi ya mwili, na seli za damu zimo humo kuanzia mwanzo. Hizo pleteleti nilizozihesabu vibaya ndizo zinazovuta nyuzi za fibrini mpaka donge linasinyaa, mnaliona kila siku kwenye chupa nyekundu, donge linajikunja seramu inabaki pembeni, na chembe nyekundu za ndani zinabanwa mpaka zinaota kona. Halafu zinaingia nyutrofili (chembe nyeupe, hizi ni vigeugeu, mwanzoni zinarusha nyavu za DNA zinazosaidia mgando, baadaye zinasaidia kuusafisha), nyuma yake monosaiti, chembe nyeupe nyengine, ambazo zinageuka makrofaji, zinakula chembe zilizokufa na kutoa vimeng'enya vya kuamsha plasmini, mkasi wa mwili, ikate fibrini. Vile vipande ndio D-daima yenu, mnayoipima kwenye damu. Pole pole donge linatobolewa vijinjia, damu inapita tena. Mzee alisema ni kama kuchimba tope la Mkanda, ule mlango wa bahari unaopitia boti, leo kidogo kesho kidogo mpaka boti ipite bila kungoja maji yajae. Ni kazi ya wiki na miezi, ndio maana mgonjwa anabaki kwenye dawa angalau miezi 3. Na mimi kwa saini moja nikaondoa ulinzi wachimbaji wakiwa ndio kwanza wameingia, wao wanachimba huku, donge linaota kule.

Mama akapelekwa Mokowe na boti, kisha Mombasa kwa gari. Nilikuwepo gatini, wamemlaza mguu juu ya mto, akaniona na koti jeupe akaniombea dua. Hajui. Mpaka leo tukikutana Mkunguni ananiita daktari, na mguu mmoja bado mnene kuliko mwengine.

4. Pleteleti zikiwa chini kweli, na slaidi imekubali, pigeni simu wodini, msiiachie karatasi iseme yenyewe.

5. Ya tano nilikuwa nayo nimeisahau, ilihusu kalamu za lebo, nani anazichukua.

Slaidi ya ile 16 ya jana nimeshaitia rangi, iko kwenye darubini ya dirishani. Mwenye chai aanze na mkia, halafu aende wodini kwa miguu yake akaombe chupa ya buluu, na amwambie mgonjwa kwa nini anachomwa tena.