Maswali ya Wasomaji: Ushindi wa Mbio za Saa 24 ni wa Nani?

SWALI: Mhariri, naomba ututatulie ubishi uliozuka hapa gerejini kwetu. Mwenzangu anamsifu Mmarekani Hurley Haywood kuwa ni bingwa wa Le Mans, mbio za magari za saa 24 kule Ufaransa, mara tatu. Mimi nasema kila gari huko huendeshwa na watu watatu kwa kupokezana, hivyo dereva anaweza kubebwa na wenzake mpaka akahesabiwa bingwa. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Tabata, Dar es Salaam.

JIBU: Ndugu msomaji, gari likishinda, madereva wake wote huandikwa washindi. Kubebwa kunawezekana, lakini anayebebwa hubebwa mara moja, na rekodi ya Haywood haiko hivyo. Alishinda Le Mans mwaka 1977 akiwa na Jürgen Barth na Jacky Ickx, mwaka 1983 akiwa na Al Holbert na Vern Schuppan, na mwaka 1994 akiwa na Yannick Dalmas na Mauro Baldi. Hakuna mwenzi hata mmoja aliyejirudia. Kule Daytona, Florida, ambako pia hushindana kwa saa 24, alishinda mara tano kati ya mwaka 1973 na 1991. Mara mbili za mwanzo alikuwa na Peter Gregg, dereva ambaye Haywood, akiwa bado kijana, alimshinda katika shindano dogo la kupimana muda huko Jacksonville, naye Gregg badala ya kukasirika akamfanya mwenzi wake wa usukani.

Mwaka unaoweza kukupa nguvu ni 1977. Porsche 936 ya Haywood na Barth iliharibika mapema, ikarudi nyuma hadi nafasi ya 41. Ickx alianza katika gari jingine la timu hiyohiyo; lilipokufa kabisa, alihamishiwa kwao, na uendeshaji wake wa usiku ule, katika mvua na ukungu, ndio uliowarudisha mbele; hilo halina ubishi. Lakini angalia kilichotokea Jumapili mchana, ikiwa imesalia chini ya saa moja mbio ziishe, Haywood akiwa kwenye usukani. Pistoni moja iliungua na moshi ukaanza kutoka. Wewe uliye gerejini unajua injini inafikia wapi dereva akiendelea kukanyaga mafuta katika hali hiyo. Haywood aliliingiza gari kwa mafundi likiwa bado linatembea. Mafundi wakaizima silinda ile mbovu, kisha Barth, aliyeifahamu vizuri mitambo ya gari lile, akamalizia mizunguko ya mwisho polepole kwa silinda tano kati ya sita. Walimaliza mizunguko 342, wakimpita wa pili kwa mizunguko 11. Ukimwondoa mmoja kati ya hao watatu, sioni jinsi ambavyo gari lile lingefika.

Hapo ndipo ulipo ufundi ambao naona hausifiwi vya kutosha. Madereva wawili wa basi la Mwanza hutumia breki zilezile na klachi ileile, na yule wa zamu ya pili huanzia pale mwenzake alipozifikisha. Katika Le Mans ni vivyo hivyo, ila kwa kasi inayopita kilomita 300 kwa saa. Dereva anayeng'ang'ania kuonyesha mbio zake binafsi huwakabidhi wenzake gari lililochoka, na timu kubwa haziwezi kumwita tena mtu wa namna hiyo mwaka baada ya mwaka. Haywood aliitwa, na ushindi wake wa kwanza wa Daytona na wa mwisho wa Le Mans umepishana kwa miaka 21.

Na kama bado unataka ushahidi wa dereva akiwa peke yake garini, upo. Mwaka 1988 alitwaa ubingwa wa Trans-Am nchini Marekani akiendesha Audi 200 quattro, katika mashindano mafupi ambayo hayana kupokezana usukani.